KAKAKUONA: JINA LAKE, TABIA ZAKE NA MAKAZI YAKE

Katika lugha yetu yako majina ya wanyama ambayo kila mtu ayajua, ingawa ni wachache tu waliopata kumwona mnyama mwenyewe. Jina la kakakuona ni mojawapo. Mnyama huyu hutembea usiku, hana sauti ya kumtambulisha, na mchana kutwa hulala shimoni. Kwa hiyo watu wengi humjua kwa habari tu, na jina linalojulikana kwa habari tu ni jepesi kuhama. Ndivyo ilivyotokea. Wafasiri walipokutana na yule mnyama wa Amerika aitwaye armadilo, mwenye mwili uliofunikwa kwa ngao ngumu, baadhi yao walimpa jina la kakakuona, wakaendelea na kazi yao.

Tumfikirie mtoto wa shule ya Ibaba, katika milima ya wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Kitabuni aona picha ya armadilo, na chini yake neno ‘kakakuona’. Jioni amsikia babu yake akieleza habari za kakakuona: mnyama mwenye magamba kama ya samaki, atembeaye kwa miguu miwili, asiyekimbia amwonapo mtu, na ambaye kuonekana kwake ni jambo la kupelekwa mbele ya wazee. Mtoto huyo afanye nini? Ama aseme kuwa babu amekosea, ama aseme kuwa kitabu kimekosea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa babu ndiye mwenye haki, na kuwa jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Ili tulielewe, yafaa kwanza tumweleze mnyama mwenyewe.

Umbo lake

Kakakuona ajulikanaye zaidi Tanzania ni yule wa ardhini, ambaye wataalamu humwita Smutsia temminckii. Alielezwa kitaalamu na Johannes Smuts mwaka 1832, na jina la pili ni heshima kwa Coenraad Jacob Temminck, mtaalamu wa wanyama wa Uholanzi. Afrika ina spishi nne za kakakuona. Wawili ni wa ardhini, yaani huyu tunayemzungumzia na yule mkubwa wa misitu. Na wawili ni wadogo wapandao miti. Yule mkubwa na mmoja wa wale wa mitini hupatikana pia katika sehemu za magharibi ya Tanzania, lakini aliyeenea katika mbuga na misitu mikavu ya nchi ni huyu wa Temminck.

Mtu mzima wa aina hii hupata urefu wa mita moja hivi, tangu pua hadi ncha ya mkia, na mkia peke yake wakaribia nusu ya urefu huo. Uzito wake aghalabu ni kilo 10 hivi, na wako wazidio hapo. Mgongo, ubavu, mkia na upande wa nje wa miguu vimefunikwa kwa magamba makubwa ya rangi ya kahawia, yaliyopandana kama vigae vya paa. Uso, tumbo na upande wa ndani wa miguu havina magamba. Magamba hayo si mfupa. Yameumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha na nywele zetu, nayo huendelea kukua kadiri yanavyolika kwa kusuguana na mawe na udongo. Jambo hili msomaji alishike vema, kwa kuwa tutalirudia.

Kinywani hana hata jino moja. Badala yake ana ulimi mwembamba, mrefu, wenye ute unaonata. Mzizi wa ulimi huo hauishii kooni kama wetu, bali hupita kifuani hadi karibu na mbavu za mwisho. Chakula humezwa kizima pamoja na mchanga na vijiwe, na tumbo lenye misuli yenye nguvu ndilo lisagalo, mfano wa firigisi ya kuku.

Chakula na mwendo wake

Chakula chake ni sisimizi na mchwa, wala hali kitu kingine. Lakini isidhaniwe kuwa hula kila mdudu amkutaye. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kuwa sisimizi ndio sehemu kubwa ya chakula chake, na kuwa miongoni mwao huchagua aina chache tu na kuziacha nyingine. Macho yake ni madogo na hayaoni mbali. Pua ndiyo imwongozayo. Huenda polepole akinusa chini, na apatapo njia ya sisimizi huchimba kidogo kwa kucha za mbele, huingiza ulimi, hula kwa muda mfupi, kisha huondoka kabla wale askari wa sisimizi hawajamzidi. Kwa namna hii hapigi kambi penye kichuguu kimoja akakimaliza, bali huzunguka nchi yake usiku kucha, akichukua kidogo hapa na kidogo pale. Mkulima aliyechoshwa na mchwa angekuwa na sababu ya kumwita rafiki.

Mwendo wake ni wa ajabu. Huenda kwa miguu ya nyuma miwili, ameinama mbele, miguu ya mbele ameikunja kifuani kama mtu aliyeshika kitu mikononi, na mkia ameuinua nyuma ili umsawazishe. Mara chache tu huigusa ardhi kwa miguu ya mbele. Aliyemwona gizani kwa mbali aweza kusadiki kuwa ameona kizee kidogo kilichojifunika ngozi. Habari za wazee wetu kuwa ‘hutembea kama mtu’ si chumvi ya hadithi. Ni maelezo sahihi ya tabia yake.

Mahali akaapo

Nchi impendezayo ni ile yenye miti isiyosongamana, majani, na sisimizi wengi: misitu ya miombo, vichaka na mbuga zenye miti. Nchi ya namna hiyo imeenea sana kusini-magharibi mwa Tanzania. Mtu ashukaye kutoka milima ya Ileje kwenda upande wa Songwe na Momba, na kuendelea hadi bonde la Ziwa Rukwa, hupita katika miombo hiyo. Nayo huvuka mipaka ikaenea Zambia na Malawi. Kwa jumla aina hii ya kakakuona hupatikana tangu Chad na Sudan, kupitia Afrika ya Mashariki, hadi sehemu za kaskazini za Afrika Kusini.

Ingawa ana kucha imara, mara nyingi hajichimbii shimo la kulala. Huingia katika mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine, hasa muhanga. Kwa hiyo palipo na muhanga kakakuona hupata nyumba. Huyu muhanga naye hula mchwa na sisimizi, na wako wawachanganyao wawili hawa. Lakini muhanga ana ngozi tupu yenye nywele chache, masikio marefu, na mwili mkubwa uzidio wa kakakuona mara nyingi.

Kakakuona huishi peke yake. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na kwa mwaka haongezi wa pili. Mtoto huzaliwa na magamba laini ambayo hukauka na kuwa magumu baada ya siku chache. Akisha kupata nguvu za kutoka shimoni, hupanda juu ya shina la mkia wa mamaye na kuchukuliwa hapo. Iwapo hatari yatokea, mama hujikunja na kumfunika mtoto ndani.

Silaha yake

Silaha ya kakakuona ni kujikunja. Akihisi hatari husimama. Ikikaribia, huinamisha kichwa kifuani na kujifunga kwa mkia, hata akawa tufe la magamba lisilo na mlango. Kingo za magamba ni kali, na mwenye kutia kidole katikati yake huweza kukatwa. Simba na chui hulibingirisha tufe hilo, hulitafuna, kisha aghalabu huchoka wakaenda zao. Hata jina litumiwalo Ulaya, pangolini, lilitokana na neno la Kimalai lenye maana ya kitu kijiviringishacho.

Silaha hii ilimfaa kwa muda mrefu kupita kiasi. Lakini yafaa kwa adui mwenye meno tu. Kwa adui mwenye mikono haifai kitu, maana mnyama aliyejikunja hakimbii, haumi wala hapigi kelele. Mtu mmoja aweza kumwinua na kumtia guniani. Hali kadhalika katika Afrika Kusini kakakuona wengi wamekufa kwa nyaya za umeme zilizozungushiwa mashamba. Mnyama huguswa na waya, hujikunja kwa desturi yake, na kwa kujikunja huukumbatia waya ule ule unaomwua. Kile kilichokuwa wokovu wake kimekuwa mtego.

Kakakuona na armadilo

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa Ibaba. Je, kakakuona na armadilo ni ndugu? Ukiwatazama waweza kusema ndiyo: wote wana silaha mwilini, wote wana kucha za kuchimbia, wote hula wadudu. Wataalamu wa Ulaya nao waliponzwa na sura hiyo, wakawaweka kwa muda mrefu katika kundi moja waliloliita Edentata, maana yake ‘wasio na meno’.

Lakini kundi hilo lilivunjika. Kwanza, armadilo wana meno. Yule mkubwa kuliko wote wa Amerika ya Kusini aweza kuwa na meno mia moja hivi, idadi ambayo ni wanyama wachache sana wa nchi kavu waifikiao. Pili, ngao ya armadilo ni vipande vya mfupa vilivyoota katika ngozi na kufunikwa juu, hali magamba ya kakakuona, kama tulivyosema, hayana mfupa ndani yake. Tatu, armadilo huenda kwa miguu minne. Na kati ya aina zao zinazokaribia ishirini au kuzidi kidogo, ni wale wa mistari mitatu tu wawezao kujikunja wakawa tufe kamili. Nne, armadilo wa mistari tisa huzaa kwa kawaida watoto wanne wafananao kabisa, hali kakakuona huzaa mmoja. Mwisho, uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa jamaa wa karibu wa kakakuona ni wanyama walao nyama, yaani kundi la paka, mbwa na simba. Kwa hiyo chui aliyeshindwa kulifungua tufe la kakakuona ni jamaa yake wa karibu kuliko armadilo. Kufanana kwao kumetokana na kazi moja, si na ukoo mmoja: wote wawili walizoea kuchimba wadudu, na wote wawili walihitaji kinga.

Habari ya jina

Wapenzi wa lugha watauliza jina lenyewe lilitoka wapi. Maelezo yasikikayo mara nyingi ni kuwa limeundwa kwa ‘kaka’, yaani ndugu wa kiume, na ‘kuona’, kana kwamba mtu amwambia nduguye aje atazame kitu cha nadra. Maelezo haya yapendeza, lakini sehemu yake ya kwanza haisimami.

Tutazame lugha za jirani. Kibemba cha Zambia, nchi ipakanayo na Tunduma, humwita mnyama huyu inkaka. Kishona cha Zimbabwe humwita haka. Na Kikongo, mbali huko magharibi, humwita nkaka. Sasa tulinganishe maneno mengine. Kiswahili husema kuni, Kibemba husema inkuni, Kishona husema huni. Kiswahili husema kuku na kanga, Kishona husema huku na hanga. Twaona kwamba mahali palipokuwa na nk ya asili, Kishona kimeweka h, na Kiswahili kimedondosha n kikabakiza k, ambayo katika lahaja kama ya Mombasa hutamkwa kwa pumzi. Kwa kanuni hiyo hiyo, neno ambalo Kibemba hulisema inkaka na Kishona haka litakuwa kaka kwa Kiswahili. Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jina letu. Ni jina la kale la mnyama huyu, ambalo lugha za Kibantu zimelihifadhi tangu pwani ya Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, nalo halihusiani na ndugu yeyote.

Sehemu ya pili, ‘kuona’, ni dhahiri kuwa yafanana na kitenzi chetu, na yaelekea kuwa ndiyo iliyowavuta watu kuitafsiri ile ya kwanza upya. Lugha yetu ina kaka zaidi ya moja: kaka wa kuzaliwa naye, na kaka la yai au la chungwa, yaani ganda tupu. Mtu aweza kushawishika kuliunganisha ganda hilo na magamba ya mnyama wetu. Lakini kufanana kwa sauti si ushahidi, na mtunga kamusi hana budi kujihadhari.

Yako pia majina ya heshima. Katika sehemu za Tanzania kakakuona ameitwa ‘bwana mganga’, kwa itikadi kuwa kila kiungo chake chafaa kuwa dawa. Na yako mambo ya desturi yanayofungamana na jina. Wasangu, ambao nchi yao i upande wa mashariki wa mkoa wa Mbeya, wameandikiwa habari zao na mtaalamu wa mila Martin Walsh katika miaka ya 1990. Kwao kakakuona ni mgeni ashukaye kutoka mbinguni, na hupokewa kwa ibada. Katika sehemu nyingi za nchi, kakakuona akionekana huwekewa mbele yake maji, nafaka, silaha na vitu vinginevyo. Akiendeacho huchukuliwa kuwa ni habari ya mwaka ujao, kama ni mvua, shibe au vita. Huko Kasai, Kongo, Mary Douglas alieleza mwaka 1957 jinsi Walele wanavyomheshimu kakakuona mdogo wa mitini, kwa kuwa huvuka mipaka yote: ana magamba kama samaki, hupanda miti, na huzaa mtoto mmoja kama binadamu.

Yamkini msomaji hasadiki ramli hizo. Hata hivyo angalie jinsi zilivyosimama juu ya maarifa ya kweli: mwendo wa miguu miwili, mtoto mmoja, kuinamisha kichwa badala ya kukimbia. Hakuna hata moja kati ya hayo liwezalo kusemwa juu ya armadilo wa mistari tisa. Tukimpa armadilo jina la kakakuona, hatuazimi neno tupu. Twamvika mgeni huyo habari zote za babu zetu, nazo hazimkai.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Kama jambo lingekuwa la kamusi peke yake, tungeweza kulingojea. Lakini mnyama mwenyewe hangoji. Magamba yake hutafutwa kwa dawa katika nchi za Asia, na biashara ya siri imekuwa kubwa mno. Mwezi Aprili 2019, katika muda wa siku chache, maofisa wa Singapore walikamata shehena mbili za magamba zilizotoka Nigeria zikielekea Vietnam, uzito wake jumla ukizidi tani 25. Tukumbuke kuwa kila jike huzaa mtoto mmoja tu. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya aina zote za kakakuona, na katazo hilo lilianza kutumika mwaka 2017. Mwaka 2020 China iliwapandisha kakakuona kwenye daraja la juu la hifadhi, na magamba yao yakaondolewa katika orodha ya dawa za kitabu cha serikali. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu hawezi kumkamata wala kumweka mnyama huyu bila ruhusa.

Sheria hiyo haina budi kumfikia mwananchi kwa neno analolijua. Ikiwa tangazo lasema ‘msimwue kakakuona’, na shuleni vijana wamefundishwa kuwa kakakuona ni mnyama wa Amerika, basi onyo limewapita. Watamkuta mwenyewe njiani, amejikunja mbele ya miguu yao, wasimtambue kwa jina lililomlinda.

Kwa hiyo tungependekeza hivi. Jina la kakakuona na libaki kwa mwenyewe, mnyama wa magamba wa Afrika na jamaa zake wa Asia. Yule wa Amerika aitwe armadilo, kwa jina lake la Kispania lililokwisha kulainika ulimini. Mgeni kuitwa kwa jina la kwao si aibu kwake wala kwetu. Watunga kamusi na wafasiri wa vitabu vya shule watakuwa wamefanya kazi njema wakiitenga mifano hiyo miwili. Na walimu walioko Ileje, Momba na Mbozi wanaweza kusaidia zaidi kuliko sisi tukaao mbali, kwa kuwaendea wazee wasemao Kindali, Kilambya, Kimalila, Kinyiha na Kinyamwanga, wakaandika majina ya mnyama huyu kama yanavyotamkwa, pamoja na habari zinazosimuliwa juu yake. Kazi hiyo yataka daftari, masikio na subira tu. Na wenye kumbukumbu hizo ni wazee.